Rafiki Gani Huyu Aingiaye Puani

Tarehe 3 Februari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo, na uipokee kwa mikono miwili, maana nimeitoa nikiwa nimesimama wima na kofia nimevua. Ningepiga simu, lakini najua msimamo wako: simu humaliza maneno kabla hayajaiva. Basi haya nimeyapika taratibu.

Sisi huku wazima, ukiondoa mgongo wangu ambao siku hizi unalia kama mlango usiotiwa mafuta. Kijana wetu mkubwa amehamia chumba chake mwenyewe. Kaondoka na kitanda, feni na jagi letu la maji, akatuachia nguo zake chafu tumkumbuke. Binti anasoma, au anakaa karibu na vitabu. Kwa mbali ni vigumu kutofautisha. Mke wangu anakusalimu na anauliza kama nami nauliza: mguu unaendeleaje? Tangu uanguke ngazini mwaka jana umetuletea habari za kila kiungo isipokuwa huo.

Sasa jambo lenyewe. Unajua daraja letu tumekuwa tukilipaka rangi kwa miaka saba, kipande kwa kipande. Tumebakiza upinde wa katikati, ule wa juu kabisa, unaoonekana kutoka kila dirisha la mji. Tukiumaliza, daraja halitaguswa tena mpaka niwe nimeshastaafu na meno nimeyaweka kwenye glasi. Kwa hiyo upinde huo ni wangu, au si wangu milele.

Wiki iliyopita akaja mkubwa wa usalama na kofia mpya na tangazo jipya. Kila anayefanya kazi juu ya maji awe na cheti cha kuogelea. Urefu wote wa bwawa, bila kusimama, bila kushika ukuta. Mtihani ni mwishoni mwa Mei. Asiyefaulu atabaki karakana akipaka vyuma vilivyolazwa chini.

Shangazi, mimi ndiye msimamizi wao. Vijana wananiita Mzee Brashi, na wanaamini kwamba naogelea kama bata. Ukweli ni kwamba ukinitia kwenye beseni nitaomba kamba. Miaka yote niliyokaa juu ya mto ule hakuna aliyewahi kuniuliza, nami si mtu wa kujibu nisiloulizwa.

Kumwendea mwalimu kwa umri huu nikaona haya. Nikaenda kwa yule muuza vitabu vikuukuu anayevipanga kwenye ngazi za posta, nikanunua kitabu cha kufundisha watu wazima kuogelea. Jalada lake limevimba kama mkate uliolowa. Nilipokifungua nyumbani nikakuta si kitabu, ni ugomvi. Aliyekisoma kabla yangu amejaza kingo za kurasa kwa kalamu ya risasi, akibishana na mwandishi. Mahali mwandishi anaposema, "Maji ni rafiki yako," yeye kaandika: "Rafiki gani huyu aingiaye puani bila hodi?" Panapoandikwa, "Mwanafunzi atulie," kajibu: "Tulia wewe, uliye kwenye karatasi."

Nadhani ni mwanamke, maana kuna mahali anaeleza taabu ya kusuka nywele halafu kuzitia kwenye kofia ya mpira. Na ni mtu mzima: goti lake analitaja kila baada ya kurasa chache, kama mtu anayemsema mkwe.

Mwanao,
Brashi


Tarehe 21 Februari

Mwana wa kaka yangu,

Marahaba. Nimeipokea kwa mkono mmoja, wa pili ulikuwa na kikombe.

Huku hakuna jipya na mapya ni mengi. Jirani wa ng'ambo kaanika mashuka mekundu tena, wiki ya tatu hii, na mumewe hayupo. Mimi sisemi kitu. Gari la taka lilikwama kwenye kona asubuhi nzima, dereva akatukana mpaka akachoka, kisha akakaa ukingoni mwa barabara akala chungwa. Paka wa hoteli kazaa juu ya paa la stoo. Wanne.

Wewe unataka kujifunza kuogelea kwa kitabu. Mimi nimezalisha wanawake wa mji huu miaka thelathini na sita, na sijaona mtoto aliyetoka kwa kusoma. Ingia majini. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na wewe umeyavulia viatu tu.

Lakini huyo mwanamke nimempenda. Ana ulimi. Niandikie mengine aliyosema, na uyaandike kama yalivyo, usiyapake rangi.

Shangazi yako

Tena: mkeo mwambie ile sweta imenitosha.


Tarehe 14 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo tena. Sweta ni ya mwaka juzi, lakini mke wangu amefurahi kwamba habari zake zimefika.

Nimeingia majini. Kabla ya hapo, lazima nikiri, nilifanya mazoezi jikoni. Nililala kifudifudi juu ya benchi, kitabu nimekifungua sakafuni, nikapiga mikono na miguu kama kilivyoelekeza. Mke wangu akaingia, akasimama juu yangu.

"Unaelekea wapi?" akauliza.

"Naogelea."

"Basi ukifika ng'ambo uniletee chumvi."

Baada ya wiki mbili benchi nilikuwa nimelimudu kabisa. Nikaenda bwawa la mji, jioni ya Jumamosi, nimevaa kaptula mpya na uso wa mtu anayekagua tu. Darasa la wanaoanza lilikuwa na watoto wa miaka sita, saba, na mimi. Samaki mkunje angali mbichi, wamesema. Wale walikuwa wabichi, mimi nilikuwa mkavu wa kuning'inizwa. Mwalimu ni msichana mwenye filimbi na subira nyingi. Nikajitupa kwa ustadi wote wa benchi. Miguu ikaenda chini, tumbo likafuata, mwisho kichwa, kikiwa bado kinatazama mbele kwa heshima.

Mwalimu akanitoa kwa kunishika kwapani. "Mzee, unatazama nini huko juu?"

"Natazama mbele."

"Tazama chini! Weka uso majini, utazame sakafu ya bwawa."

"Binti yangu, kazini kwetu anayetazama chini anaanguka."

"Kazini kwetu asiyetazama chini anazama."

Watoto wakacheka wote pamoja, kana kwamba walifanya mazoezi.

Na hilo ndilo tatizo langu, Shangazi. Siku yangu ya kwanza darajani, marehemu msimamizi wangu alinishika kidevu, akaniinua uso, akasema: "Macho kwenye brashi. Chini hakuna kazi yako." Tangu siku hiyo sijatazama chini hata kwa bahati mbaya. Nimewafundisha vijana wangu wote hivyo hivyo, kwa kuwashika videvu. Shingo yangu haijui tena njia ya kwenda chini. Nikiiambia teremka, inauliza, kuna nini?

Nilipofika nyumbani nikafungua kitabu, na hapo hapo, pembeni mwa picha ya mtu aliyelala juu ya maji, yule mwanamke kaandika kwa hasira mpaka karatasi imetoboka: "CHINI! Nimekunywa nusu ya bwawa kwa kutazama juu." Nilikuwa nimeyasoma maneno hayo jikoni, nikayapita, nikidhani ananung'unika tu.

Haya hapa mengine, bila rangi. Kwenye kupumua: "Toa pumzi ndani ya maji. Ndiyo, ndani. Nami nilidhani wamekosea chapa." Kwenye kupiga miguu: "Goti limekataa. Nimeliambia baki basi, mimi nakwenda. Limefuata." Na kwenye sura ya tano, inayohusu maji ya kina: "Kesho naingia upande wa kina. Bwana Mwandishi, tukutane huko."

Baada ya hapo, hakuna neno. Kurasa zote zilizobaki ni safi. Hakuna hata nukta. Nimezipindua mbele ya taa nikitafuta alama ya kifutio. Mtu aliyegombana na kila mstari, anyamaze ghafla kwenye maji ya kina? Sitaki kufikiria, na nafikiria.

Nikuulize jambo, na unisamehe. Nimezipanga barua zako zote tangu uanguke nikazisoma moja baada ya moja. Mashuka ya jirani, gari la taka, paka juu ya paa. Shangazi, habari zako zote ni za dirishani. Mara ya mwisho umeshuka ngazi lini?

Mwanao,
Brashi


Tarehe 20 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Sijapata jibu lako, na leo wiki ya tano inakwisha. Kama nimekukosea, nipigie hata simu, unitukane kabla maneno hayajaiva.

Sisi wazima. Binti kafaulu mtihani wa nusu muhula, kwa hiyo kumbe alikuwa anasoma.

Mimi naweza kuvuka bwawa kwa upana, kwenye maji ya kifuani, uso ndani. Ninapiga mikono mitatu, napumua pembeni, namshukuru Mungu, napiga mitatu mingine. Lakini kwa urefu sijaweza. Nikifika pale sakafu inapoanza kuteremka, macho yanaona hakuna chini ya karibu, shingo inakumbuka kazi yake, kichwa juu, miguu chini, na mfa maji anaanza kutapatapa. Kila mara mahali hapo hapo. Kisha naukumbuka ule ukurasa safi.

Mtihani ni tarehe 29 Mei. Vijana wote wamefanya mtihani mapema na vyeti wanavyo, na wameshagundua kwamba mimi bado. Wameanza kunifunga mkanda wa usalama polepole, kwa upole, kama wanaomvisha mgonjwa. Jana mmoja akaniambia, "Mzee, karakana ina kivuli." Alikuwa na nia njema, na maneno yake yalinikosesha hamu ya chakula.

Naomba neno lako.

Brashi


Tarehe 4 Mei

Mwana wa kaka yangu,

Marahaba. Sijambo. Jirani hakuanika mashuka.

Ulichoandika kuhusu dirisha nimekisoma. Hatutalizungumza.

Tuzungumze lako. Una kichwa kikubwa kama cha baba yako na unakitumia kama yeye, kuhifadhia kofia. Umekaa karibu miezi miwili unauombolezea ukurasa usioandikwa. Kitabu hakina miguu. Kama yule mwanamke alikufa maji, nani alikipeleka ngazini posta? Huenda ni watoto wake. Huenda ni yeye. Muuza vitabu yupo, mdomo anao, nawe una ulimi unaotosha kumuuliza mtu mzima mara ya mwisho ameshuka ngazi lini. Nenda kamuulize.

Nimewaona wanawake wengi wakifika mahali pale wanaposema siwezi. Wote husema, tena mahali pale pale. Sikuwahi kumwambia hata mmoja kwamba anaweza. Nilikuwa nawapa kitu cha kutazama. Mmoja nilimpa kitasa cha mlango. Akakitazama kitasa, mtoto akatoka.

Usiniandikie tena mpaka uwe umeuliza.

Shangazi yako


Tarehe 2 Juni

Shangazi, Shangazi, Shangazi!

Shikamoo mara tatu, moja kwa kila jina. Wote wazima, mgongo mzima, hata jagi limerudi nyumbani. Kaa kitako.

Nilikwenda kwa muuza vitabu. Ana miwani yenye mkono mmoja, mwingine ni waya. Nikamwonyesha kitabu, nikamuuliza nani alimuuzia.

"Kaka, watu huniuliza bei," akasema. "Hiki kina kosa?"

"Hakina. Nataka kujua kama aliyekileta yu hai."

Akakigeuza, akakinusa. Kisha akaanza kucheka. "Huyu! Huyu mama aliniharibia kamusi mbili! Alikuja nywele zinachuruzika maji, mabegani kalowa, kainama juu ya meza yangu, maji yote kwenye kamusi. Namwambia, mama, jikaushe kwanza. Anasema hana muda, ana njaa. Akakitupa hapo: 'Mpe mtu mzima. Watoto hawakihitaji.' Akaenda zake akichechemea na kuimba."

Akichechemea na kuimba, Shangazi! Hakuandika tena kwa sababu hakuwa na haja. Alikutana na Bwana Mwandishi kwenye kina, akampita, akaenda kula.

Nilitembea kutoka pale mpaka nyumbani nikijisemea peke yangu, watu wakinipisha njia.

Sasa tarehe 29. Vijana wangu wote walikuja, sikuwaalika. Walikaa kwenye ngazi za bwawa na kofia zao za kazi, na darasa langu la watoto nalo lilikuwa pale na taulo mabegani. Mkubwa wa usalama na karatasi zake. Mwalimu akaniambia, "Mzee, chini." Nikasema, "Chini." Filimbi ikalia.

Nusu ya kwanza haina hadithi. Mikono mitatu, pumzi, mikono mitatu. Nikafika pale sakafu inapoteremka. Nikahisi shingo inaanza. Nikakumbuka kitasa chako cha mlango, nikatafuta kitu cha kutazama. Pale chini, katikati ya bwawa, kuna mstari mweusi unaokwenda mpaka mwisho. Miezi yote ile nilipoogelea upana nilikuwa nikiukata tu, na nilipojaribu urefu nilikuwa nikitafuta sakafu, si mstari. Nikautazama.

Shangazi, kazi mbovu! Mstari umepakwa juu ya vumbi, hakuna aliyepitisha msasa. Ukingo wa kushoto unayumba kama mlevi. Hatua chache mbele rangi imebabuka, naona kabisa alama za brashi, tena brashi kavu, mtu kaichovya mara moja akaivuta mpaka ikalia. Nikasema moyoni, huyu angekuwa kijana wangu, angeukwangua wote leo hii. Nikapumua, nikarudi kuangalia kama atajirekebisha mbele. Hakujirekebisha. Kwenye maji ya kina ndiyo kaacha michirizi, kadhani nani atashuka kuona? Mimi hapa naona! Nikaufuata kwa hasira, kosa baada ya kosa, nikimhesabia mtu huyo asiyejulikana dhambi zake, mpaka kitu kikanigonga vidole.

Ulikuwa ukuta.

Nikainua kichwa. Kelele nilizozisikia, sijawahi kuzisikia kwa ajili yangu. Vijana wanagonga kofia kwenye ngazi. Watoto wanarukaruka, mmoja mdogo mwenye pengo anapiga kelele, "Babu yetu! Babu yetu!" Mwalimu akainama juu yangu, machozi na filimbi.

"Mzee, umefaulu! Mbona umenuna?"

"Nani alipaka mstari ule?"

Mkubwa wa usalama akaandika kitu kwenye karatasi yake. Baadaye nikaona ni jina langu, na mbele yake neno moja: AMEPITA.

Jumatatu tulianza upinde wa katikati. Nilipanda mwenyewe mbele, nikajifunga mkanda mwenyewe, nikachovya brashi. Kisha, vijana wakinitazama, nikatazama chini. Mto una rangi ya kahawia upande mmoja na kijani upande wa pili, na mahali zinapokutana pana kama mshono. Miaka yote hiyo sikujua. Nikawaita vijana, mmoja mmoja, nikawaambia watazame, halafu warudi kazini.

Ule ukurasa safi nimeujaza. Yule mama aliniachia nafasi na mimi sikuiacha. Lakini sikuandikii nilichosema, kwa sababu kitabu chenyewe nakutumia leo, kwa kifurushi. Vifurushi huko kwenu haviletwi mlangoni. Anayeandikiwa sharti afike posta mwenyewe atie sahihi. Jirani hawezi kukuchukulia, nimeuliza.

Mwanao mwenye cheti,
Brashi


Tarehe 26 Juni

Mwana wa kaka yangu, mtoto wa hila,

Marahaba, marahaba, marahaba. Hongera. Barua yako nimeisoma kwa sauti na dirisha wazi, mtaa mzima unajua umeogelea. Jirani wa mashuka kapiga vigelegele bila kuuliza sababu.

Hila yako niliiona siku ile ile. Nikaapa kifurushi kioze huko posta. Wakaniletea kikaratasi cha kwanza, nikakitia kwenye droo. Wakaniletea cha pili, kwamba kisipochukuliwa kitarudishwa kwa mtumaji. Nikakaa nacho. Nikawaza, yule mama na goti lake, na mwana wa kaka yangu na kichwa chake, wameandika nini huko nisichoruhusiwa kukijua? Mimi? Niliyejua siri za mji huu kabla hazijakatwa kitovu?

Jumanne nikavaa sweta. Nikafungua mlango, nikasimama juu ya ngazi zile zile. Nilikaa pale muda wa kutosha kuchemsha maharagwe. Mguu ukasema hauendi. Nikauambia baki basi.

Kitabu ninacho. Ulichoandika pale nimekisoma nikiwa bado kaunta ya posta, na karani akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia hapana, nimezaliwa. Mwandiko wako bado mbaya.

Wakati wa kurudi nikapumzika kwa fundi viatu aliye chini ya nyumba yangu. Mtu huyu nimemtazama kutoka dirishani kila siku tangu nianguke, na yote niliyoyajua juu yake ni upara. Nikamwambia, "Kumbe una masharubu!"

Akaweka nyundo chini, akanitazama kutoka juu mpaka chini, akasema, "Na wewe, bibi, kumbe una miguu."

Nimecheka mpaka akanipa kiti chake.

Shangazi yako,
wa huku barabarani